Kabati la Chupa za Watu

Msimamizi wa ulinzi amenipigia simu hapa Mpanda kunitaka niandike kurasa mbili tatu juu ya namna ya kutambua pombe kwenye chupa za abiria, ili wasomewe vijana wapya wa getini meli itakapotoka kwenye matengenezo. Ameniomba niandike kwa ufupi na nisiingize mambo ya zamani. Hilo la ufupi nitajaribu. La pili haliwezekani, kwa sababu kazi yote niliifanya zamani, na mimi mwenyewe siku hizi ni mambo ya zamani.

Jina langu ni Skolastika, lakini ukipita mwambao wa Ziwa Tanganyika ukimuulizia Skolastika utarudi ulivyokwenda. Muulizie Mama Onja. Nilikuwa askari wa ngazini kwenye meli ya abiria Mv Neema tangu ikiwa na rangi mpya mpaka ilipoanza kuvuja. Sikustaafu kwa kuchoka, na anayesema hivyo aje tushindane kupanda ngazi. Umri ulifika, nikaambiwa nikabidhi sare, tochi na kitambulisho, nikakabidhi. Tochi ndiyo iliyoniuma, maana ilikuwa nzuri.

Nilizaliwa Majimoto, kwetu Wapimbwe, kwenye mpunga na ng'ombe. Ziwa nilikuwa nalisikia tu kwa wauza dagaa. Siku ya kwanza kazini nilishuka kwenye gari pale Karema nimevaa gauni la misa, kwa kuwa mama alisema mtu haendi kuanza kazi ya mshahara kama anakwenda shamba. Nikapewa suruali ya sare. Sikuwahi kuvaa suruali maishani, nikaivaa chini ya gauni, na hivyo ndivyo nilivyosafiri safari yangu ya kwanza. Mabaharia walicheka mpaka Kasanga. Wacheke tu, nilikuwa nimejisitiri mara mbili.

Aliyenipokea ni Mzee Leonsi, Mfipa wa Kipili, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na pua ya kawaida kabisa. Nasema ya kawaida kwa sababu abiria waliamini ana pua ya mbwa, na yeye hakuwakatalia. Pombe aliipenda wala hakuficha. Kwake Kipili alikunywa ulezi wa mke wake kila Jumapili akitoka kanisani, akisema kwamba asiyeijua pombe hawezi kuikamata. Akishavaa sare, hata soda iliyochacha hakuigusa.

Alinipa chupa mbili za maji, zote safi, akaniuliza ipi ina gongo, ile pombe kali ya kienyeji. Nikafungua moja nikaipeleka puani. Akaninyang'anya. "Binti yangu, hujaitazama bado," alisema. "Pua ni ya mwisho. Ukianza na pua, chupa ya kumi huna pua."

Basi andikeni hili. Kwanza shika chupa shingoni uitikise mara moja, halafu tazama mapovu. Ya maji yanapasuka papo hapo. Ya gongo yanajipanga pembeni kama shanga na kukaa kidogo kabla ya kutoweka. Kisha ipime mkononi: chupa iliyojaa gongo ni nyepesi kuliko iliyojaa maji, ila utaijua tofauti hiyo baada ya kushika chupa nyingi sana, kwa hiyo msijidanganye mwezi wa kwanza. Geuza chupa kichwa chini, minya. Kifuniko kilichofunguliwa na kurudishiwa kwa gundi kitatoa tone. Ukilipata tone hilo, lipake nyuma ya kiganja chako. Gongo inakauka haraka na kuacha ubaridi kwenye ngozi. Baada ya yote hayo ndipo unuse, na ukihisi pua imechoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Mzee Leonsi alisema harufu yako ndiyo harufu pekee ambayo pua yako haibishani nayo.

Dumu la mawese tochi hailipenyi. Hapo tulitumia ufito. Wafanyabiashara walikuwa wanafunga gongo ndani ya mfuko wa plastiki na kuuzamisha katikati ya mawese, na ufito ukigonga kitu laini kinachosogea, umempata. Asali ya Ugalla usiichome ufito, mwenye asali atakuchukia kwa haki. Iinamishe tu. Asali inakwenda polepole, na kitu chochote kilichoelea juu yake kitatangulia. Enzi za viroba, vile vipakiti vya pombe kali, ndizo zilizotuchosha, maana vilishonwa kwenye pindo za makoti ya watoto. Mtoto wa miaka minne anapanda ngazi anatembea kama mzee, ukimgusa analia mchakacho.

Abiria wengi waliamini tunalinda baa ya meli. Baa ilikuwapo, bia yake ghali, na mwenye baa hakuwahi kuhuzunika tukimwaga ya mtu. Lakini nyie mtakaosimama pale nataka mjue kwa nini mimi nilikuwa mkali. Mwambao wetu una vijiji vingi visivyo na gati. Meli inasimama mbali, mitumbwi inakuja ubavuni, na abiria anashuka kwa ngazi ya kamba huku mawimbi yanaupandisha na kuushusha mtumbwi chini yake. Mtu mzima aliye timamu hupata tabu. Mwaka wangu wa kwanza, mchana kweupe, kijana mmoja aliyekuwa anarudi kwao na godoro la mke wake alikanyaga pale ambapo mtumbwi ulikuwapo kidogo kabla. Aliingia kati ya meli na mtumbwi. Godoro lilielea, yeye hakuonekana tena akiwa hai. Kwenye begi lake kulikuwa na chupa ya maji yenye gongo, nusu imekwisha.

Mzee Leonsi aliishika ile chupa muda mrefu. "Hii imepita mkononi mwangu," alisema. Nilimtazama nikaogopa kazi yenyewe, na tangu hapo sikumruhusu mtu kuniambia kwamba ninachezea vichupa.

Sasa niseme jina la Mama Onja lilitoka wapi, kwa sababu nasikia kuna wanaolieleza vibaya. Kwetu, na kwa Wafipa, Wakonongo na Wabende vilevile, anayekuletea pombe huinywa kwanza yeye. Anapiga funda mbele yako, kisha anakupa, na wewe moyo unatulia kwamba hakukutilia kitu. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, mtoto analikuta. Siku moja pale Ikola mfanyabiashara mmoja wa samaki, mtu mwenye tumbo na heshima zake, aligoma nisinuse maji yake ya kunywa. Alidai napumulia maji ya watu. Nikamrudishia chupa nikamwambia: "Basi onja kwanza mwenyewe, baba."

Ngazi nzima ilicheka, maana kila mtu alielewa nimemweka wapi. Akikataa, kajisema mwenyewe. Akapiga funda kubwa la kiume. Uso wake haukutikisika hata kidogo, nampa sifa zake. Lakini nilipomuuliza anakwenda wapi, jibu halikutoka. Alikuwa anatafuta pumzi. Na hiyo ndiyo siri yenyewe: msitazame uso, uso unajua kudanganya. Aliyekunywa maji ukimuuliza jina lake atakujibu palepale. Aliyekunywa gongo atatoa pumzi kwanza, jina baadaye.

Mwezi wa Ramadhani msimwonjeshe aliyefunga, nuseni. Maji ya kombe, yale ya dua, anayopelekewa mgonjwa msiyaguse, mwulizeni aliyebeba, kisha mwamini. Chupa ya mtoto aonje mama yake. Haya hayakuandikwa popote, ila mkiyavunja mtasimama pale ngazini peke yenu, na meli haitawasaidia.

Watalii nao wameumbwa na Mungu huyohuyo. Mara chache meli ilikodiwa kwa safari zao, wakatazame sokwe Mahale kisha warudi kwa gari waone viboko wa Katavi. Waliingiza pombe kali kwenye chupa za mafuta ya kujikinga na jua, kwenye darubini za uongo zenye kifuniko, na zaidi ya yote kwenye chupa za dawa ya kusukutulia kinywa, wakaitia rangi ya kijani. Yuko bibi mmoja wa kizungu, mcheshi, mwenye kofia pana, aliyeniapia kupitia kwa mwongozaji wake kwamba ni dawa ya kinywa. Nikasema aonje. Akachukua funda, akasukutua vizuri kabisa, kulia na kushoto, kisha akameza.

Nikamwambia dawa ya kusukutua haimezwi, mama. Alicheka mpaka akakaa chini, akanipa chupa mwenyewe. Sikumchukia hata kidogo. Kilichonichoma ni kilichofuata. Chupa yake ilipelekwa chumbani kwa nahodha, ikawekwa vizuri, na siku ya kushuka alirudishiwa na ahsante juu. Zote za watalii zilirudishwa. Za watu wetu zilimwagwa ziwani palepale mbele ya macho yao, na zile ambazo hazikumwagwa, sitasema ziliishia wapi, lakini kuna mabaharia walikuwa na furaha isiyoelezeka.

Nilimuuliza jambo hili msimamizi wa wakati ule. Simtaji, alishahama mwambao na huenda amebadilika. Alikuwa mgeni kwetu, kijana mwenye sauti, mwaminifu kwa kanuni, na alichukua mchezo wangu wa kuonja akaupenda kuliko mimi. Alinijibu kwamba mtalii ni mgeni. Nikamuuliza abiria wa Ikola ni nani, mwenye meli? Hakupenda.

Basi siku moja, ilikuwa asubuhi na ziwa limetulia, tulikuwa Ikola tunapakia. Akapanda bibi kizee mmoja, mwembamba, amejifunga kanga nyeusi ya msiba iliyopauka. Alikuwa anajulikana pale: Bibi Tekla, mjane, aliyekuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, mvuvi. Mtoto huyo alikuwa amefia kusini kwenye uvuvi na kuzikwa hukohuko, Kipili. Bibi alishikilia chupa ya kioo kifuani kwa mikono miwili, imezungushiwa kitambaa, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Gunzi ndilo lililoniambia. Gongo haizibwi kwa gunzi. Kinachozibwa hivyo ni pombe inayopumua, ulezi ulioiva juzi au jana.

Nikamwamkia, nikamuuliza kwa sauti ya chini amebeba nini. Hakudanganya. Alisema ni pombe ya mwanawe. Ukoo ulikuwa unamngoja Kipili wamalize msiba, na desturi yao ni kwamba mama aipike kwa mkono wake, imwagwe kaburini kwanza, ndipo walio hai wanywe na yeye avue nyeusi. Bila hiyo angebaki msibani, na mwenye msiba usiomalizwa hualikwa kwa shida. Nilikuwa nafikiri nimpitishie wapi nizungumze naye vizuri, msimamizi akafika nyuma yangu.

Alisikia neno pombe. Akasema imwagwe. Nikamwomba tuongee pembeni. Akasema hakuna pembeni, abiria wamejaa, na kama bibi anabisha basi aonje kwanza tujue ni nini. Akasema kwa sauti yake ile ambayo hata walio kwenye mitumbwi waliisikia: aonje.

Bibi Tekla akatikisa kichwa.

Sijui kama nyie wa mjini mnaelewa kilichotokea hapo. Msimamizi hakukielewa. Ngazini palikuwa na watu wa Karema, wa Mishamo, wa Mpimbwe, wa Ufipa, na kila mmoja alikuwa amekua akijua kwamba anayekataa kuonja pombe yake mwenyewe ameitia sumu. Na aliyekataa ni bibi kizee, mjane, macho mekundu kwa kulia, aliyezika mtoto. Niliona mama mmoja akimvuta mwanawe nyuma. Nikasikia mtu akisema lile neno polepole, mchawi, na mwingine akalipokea. Kwetu huku neno hilo likishampata bibi kizee halibaki ngazini. Linashuka naye, linamtangulia kijijini, na kuna vibibi ambao nyumba zao zilichomwa kwa kidogo kuliko hicho. Hapo suala la pombe lilikuwa limekwisha. Lililokuwa linaamuliwa pale ni kama mwanamke huyu atazeeka salama.

"Mwanangu, siwezi," aliniambia mimi, si msimamizi. "Wa kwanza kuonja ni yule aliyelala. Mimi ni wa mwisho."

Nilikasirika. Nasema wazi, sikuwa na busara yoyote pale, nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nikaichukua ile chupa mikononi mwake, nikaiinua wote waione, nikasema kwa sauti kubwa kuliko ya msimamizi: "Hii ni pombe ya kaburi. Haonji, na wala haimwagwi."

Hapo watu wakaelewa. Pombe ya kaburi ina mwenyewe, haionjwi njiani, hilo nalo kila mtu alilikuta. Yule mama aliyemvuta mwanawe akashika mdomo. Mzee mmoja wa Kikonongo aliyekuwa na kuku kwapani akavua kofia. Neno lile likafa palepale ngazini, nililiona likifa.

Msimamizi hakuona. Aliona askari wake anambishia mbele ya abiria. Akaniambia kama sitamwaga, nikabidhi kitambulisho changu sasa hivi. Nami nilikivua shingoni. Sikumpa. Nilikivika kwenye shingo ya chupa, picha yangu ikiangalia mbele, nikamwambia kitambulisho ni hicho, anayetaka kuimwaga aanze kunivua mimi pale. Kisha nikashuka nayo mpaka kwenye kabati la chuma nilimokuwa natunza sare, nikaifungia, ufunguo nikautia kwenye soksi.

Kipili tulifika mawimbi yameanza. Bibi Tekla alishuka kwanza, nikamshika mkono mpaka mguu wake ulipoukuta mtumbwi, halafu nikamteremshia chupa yake. Ndugu zake walikuwa ufukoni wanamngoja. Aliivua ile kamba ya kitambulisho shingoni mwa chupa, akanirudishia juu. Alinitazama tu kama mtu anayetaka kunikumbuka, na mimi nililia njia nzima ya kurudi kwenye zamu, na anayeona aibu aone.

Nikaondolewa ngazini. Nilipelekwa chini, kwenye shehena, kusimamia magunia ya dagaa, na ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya nidhamu. Dagaa wana harufu, lakini hawana kelele. Mzee Leonsi alikuwa anashuka na kikombe cha chai kila tukiondoka gatini. Hakunisifu hata mara moja. Alichokuwa anafanya ni kuniletea habari za juu, nazo zilikuwa nzuri.

Wanawake wa Ikola walikuwa wamegoma. Hawakupiga kelele. Walifika ngazini na chupa zao, wakakaa chini, wakauliza kabati la Mama Onja liko wapi. Wakiambiwa hakuna kabati, wanasema wanasubiri. Wa Kirando wakasikia, wakafanya hivyohivyo. Meli ikawa inachelewa kila kituo kwa sababu ya vibibi waliokaa ngazini na vichupa mapajani, na huwezi kumbeba bibi kizee ukamtupa kando mbele ya watu ukaendelea kuishi mwambao ule. Nahodha hakuwa mtu wa haki wala dhuluma, alikuwa mtu wa muda. Siku aliyochoka, alimwita fundi wa Karema, akamwambia atengeneze kabati la mninga lenye vyumba vidogovidogo kama mizinga ya nyuki, na kufuli. Nikarudishwa juu kulitunza, kwa kuwa wale vibibi walikataa kumkabidhi mtu mwingine.

Utaratibu ulikuwa rahisi, na mnaweza kuufanya hata kesho. Kila chumba kilikuwa na kibao cha mti kilichopasuliwa katikati. Nusu inafungwa shingoni mwa chupa, nusu anakwenda nayo abiria. Anaposhuka, nusu zinakutanishwa, zikikaa sawa anapewa chupa yake akiwa tayari mtumbwini, si ngazini. Ndani ya meli hanywi mtu. Mle kabatini nimelaza pombe za mahari, pombe za makaburi, divai ya padri aliyeogopa kuiacha mzigoni, wanzuki wa Ugalla, pombe ya asali, uliovimba ukarusha kizibo na kunilowesha kichwa kizima, na chupa za watalii pia. Zililala pamoja na hazikugombana.

Na kuna jambo ambalo msimamizi wenu wa sasa hakuniuliza, ingawa ndilo alilopaswa kuuliza kwanza. Baada ya kabati, watu waliacha kuficha. Yule mfanyabiashara mwenye tumbo na heshima alikuwa anafika ngazini anasema mwenyewe, Mama Onja, nilazie hii. Mtu akijua chake kitarudi, anakitoa. Mtu akijua kitamwagwa, atakishona kwenye pindo la koti la mtoto. Kwa miaka yote ya kabati sikumwona mtu mwingine akienda kati ya meli na mtumbwi kwa sababu ya pombe. Sidai kwamba ni mimi, Mungu yupo. Ila na kabati lilikuwapo.

Mzee Leonsi alistaafu kabla yangu akarudi Kipili kwenye ulezi wake. Amefariki mwaka huu, meli ikiwa imepandishwa kwenye matengenezo, na barabara ya huko ilikuwa imekatwa na mvua. Sikumzika. Nilikaa hapa Mpanda nikiangalia simu, na sijawahi kujiona mpumbavu namna ile, mtu aliyesafiri ziwa lote ameshindwa kumfikia mtu mmoja. Mjane wake amenitumia salamu kwamba pombe ya kumaliza msiba itapikwa na mabinti, na kwamba marehemu alipokuwa akihesabu mabinti zake, alinihesabu.

Sasa msimamizi ameniambia kwenye simu, kwa furaha kabisa, kwamba meli inarudi na mashine ya kukagulia mizigo, na kwamba kabati limeondolewa ili kupata nafasi ya mashine hiyo. Chupa yoyote yenye kileo itamwagwa kwenye pipa mbele ya mwenyewe, bila majadiliano. Nimemuuliza na za watalii je. Akasema hilo litaangaliwa.

Mashine siipingi. Itawaonyesha chupa iliko hata ndani ya gunia la mchele, na ingekuwapo zamani ingeniokolea pua. Lakini mashine haitawaambia chupa inakwenda kwa nani. Hilo mtaliuliza nyie kwa mdomo, kwa adabu, na kwa sauti ya chini. Nimeandika kurasa nyingi kuliko nilizoombwa, naye akizipunguza, naomba asikate hizi za mwisho, maana zina taarifa rasmi.

Safari ya kwanza ya meli, nitapanda Ikola. Nitakuwa nimeshakaa pale siku kadhaa nikipika ulezi, ili usichache njiani. Nitavaa gauni la misa, bila suruali safari hii. Mkononi nitakuwa na chupa moja ya kioo, imezungushiwa kitambaa, imezibwa kwa gunzi. Msisumbuke kuitikisa wala kuiinamisha. Nawaambieni mapema kilichomo: ni pombe, nimeipika mimi, inakwenda Kipili kwa Mzee Leonsi. Mkiniambia nionje, nitakataa mbele ya ngazi nzima. Mkileta pipa, nitakaa chini palepale, na nina magoti mabovu, kuninyanyua si kazi ndogo.

Kitambulisho changu nilishakabidhi, kwa hiyo mimi sina cha kuivika shingoni. Nyie mnavyo.